Pipa la mvuke linakula kilo ngapi za kuni? Tujifunze kuhesabu mbele ya kuwasha moto



Msimu uliopita tulitembelea kooperative moja inayokamua mafuta ya mawese. Wako na pipa la chuma la lita 200: maji iko chini, katikati kuko sahani ya chuma yenye matundu, ngazi ziko juu ya sahani, na moto unawaka chini ya yote. Mvuke unapanda, unapita katikati ya ngazi na kuzipika.

Tulikuta ugomvi. Kamati ilikuwa imenunua kilo 420 za kuni kwa kazi ya siku tatu, mapipa manne kila siku. Waliwaza kwamba kilo 35 kwa kila pipa zinatosha. Siku ya kwanza ilipita vizuri. Siku ya pili, pipa la sita lilikuwa bado halijatoa mvuke wakati kuni zilipoisha. Ngazi zilizobaki zililala usiku mbili zikingojea kuni zingine. Mafuta yao yalitoka makali kooni, na mnunuzi akapunguza bei.

Lakini hasara ya franga haikuuma sawa vile maneno yaliyofuata. Watu walianza kusema kwamba wamama wanaochochea moto wanabeba kuni kwao nyumbani. Mama mmoja alitujibu mbele ya wote: «Siye hatuibe kuni. Moto njo inakula.»

Hakuna mtu aliyeweza kuonyesha nani ana haki, kwa sababu hakuna aliyejua pipa moja linapaswa kula kilo ngapi. Njo maana tumeandika somo hili. Hesabu yake ni ya kuzidisha na kugawanya tu; mtoto wa darasa la sita anaweza kuwasaidia.

Juu ya nini tunapika ngazi kwa mvuke?

Ngazi ikishakatwa au kugongwa, kuna kitu ndani ya nyama yake kinachoanza kugeuza mafuta kuwa asidi. Kila saa inayopita, asidi inaongezeka. Joto linaua kitu hicho, linalainisha nyama, na mafuta yanatoka kwa urahisi wakati wa kukamua. Kwa hiyo, kuni zikikosekana katikati ya kazi, hatupotezi muda tu. Tunapoteza pia uzuri wa mafuta yaliyo ndani ya ngazi zinazongojea.

Kipimo cha joto

Nyanya tunazipima kwa kilo, maji kwa lita. Joto nalo liko na kipimo chake. Kipimo kimoja ni joto linalotosha kupandisha lita moja ya maji kwa digrii moja. Watu wa shule wanakiita kilokalori. Hapa tutasema «kipimo» tu.

Mukumbuke namba hizi:

– Kupandisha lita 1 ya maji kutoka digrii 25 (maji ya mtoni) mpaka 100 kunaomba vipimo 75.
– Kugeuza lita 1 ya maji ambayo tayari inachemka kuwa mvuke kunaomba vipimo 540.
– Kilo 1 ya kuni kavu iko na vipimo karibu 3,500 ndani yake.
– Kilo 1 ya kuni mbichi, iliyokatwa leo, iko na karibu 2,000 tu.
– Kilo 1 ya makala iko na karibu 7,000.

Muangalie tena namba mbili za kwanza. Kuchemsha maji ni 75, kuyafanya mvuke ni 540, ni kusema mara saba na zaidi. Wengi wanafikiri kuni zinaisha wakati wa kungojea maji ichemke. Hapana. Kuni nyingi zinaisha nyuma, wakati mvuke unatoka juu ya pipa na kupotea hewani.

(Kwenye milima yetu maji inachemka mbele ya kufika 100. Kwenye mita 1,500 ni karibu digrii 95. Tofauti hiyo ni ndogo, haiharibu hesabu yetu.)

Hatua ya 1: Pipa linahitaji joto kiasi gani?

Tuchukue pipa la kooperative ile: lita 40 za maji chini, kilo 100 za ngazi zilizokwisha kutolewa kwenye mikungu. Mwisho wa kazi walipima maji iliyobaki, wakakuta lita 25. Basi lita 15 zilitoka kama mvuke.

Maji: lita 40 mara 75 ni vipimo 3,000.

Ngazi: ziko na mafuta na maganda magumu ndani, kwa hiyo kilo moja haiombi joto sawa na lita ya maji. Tunahesabu 0.7. Kilo 100 mara 75 mara 0.7 ni vipimo 5,250.

Chuma cha pipa: pipa tupu ni karibu kilo 20. Chuma kinaomba joto dogo, karibu sehemu moja ya tisa ya maji. Kilo 20 mara 75, gawanya kwa 9, ni karibu 170.

Mvuke uliopotea: lita 15 mara 540 ni vipimo 8,100.

Jumla: 3,000 na 5,250 na 170 na 8,100 ni vipimo 16,520.

Mumeona? Karibu nusu ya joto lote iliruka hewani pamoja na mvuke. Tutarudi kwenye jambo hilo.

Hatua ya 2: Moto wetu unafikisha joto kiasi gani kwenye pipa?

Kama joto lote la kuni lingeingia ndani ya pipa, tungegawanya 16,520 kwa 3,500 na kupata chini ya kilo 5. Lakini sote tunajua haiwezekani. Unapokaa karibu na moto wa mafiga, miguu inaungua, uso unaungua, moshi unapanda na joto lake. Joto lile unalolisikia wewe halikuingia kwenye pipa.

Moto wa mafiga matatu au mawe, ulio wazi kwa upepo, unafikisha karibu sehemu 15 kwa mia. Jiko lililojengwa kwa matofali na udongo, lenye mlango mdogo na bomba la moshi, ambamo ukuta unazunguka pipa na kuacha nafasi ya vidole viwili hivi, linaweza kufikisha 25 kwa mia, hata zaidi kidogo likijengwa vizuri. Kuni mbichi kwenye moto wazi zinatoa moshi mwingi na miali hafifu. Hapo tunahesabu 10 kwa mia tu.

Sasa tuhesabu kila kilo inaleta nini kweli:

– Kuni kavu, moto wazi: 3,500 mara 15 kwa mia ni vipimo 525.
– Kuni kavu, jiko la kufungwa: 3,500 mara 25 kwa mia ni vipimo 875.
– Kuni mbichi, moto wazi: 2,000 mara 10 kwa mia ni vipimo 200.

Hatua ya 3: Tugawanye

– Kuni kavu, moto wazi: 16,520 kwa 525 ni karibu kilo 32.
– Kuni kavu, jiko la kufungwa: 16,520 kwa 875 ni karibu kilo 19.
– Kuni mbichi, moto wazi: 16,520 kwa 200 ni karibu kilo 83.

Pipa ni lile lile, ngazi ni zile zile, lakini namba inatoka 19 mpaka 83. Kamati ilipowaza kilo 35, haikukosea sana. Ile ni namba ya kuni kavu. Lakini siku ile walinunua kuni zilizokatwa wiki ile ile, na mvua ilikuwa imezinyeshea kando ya barabara.

Tuliomba mizani ya kupimia kahawa, tukapima kuni za pipa moja tangu mwanzo mpaka mwisho, wanachama wakiangalia. Pipa lilikula kilo 78. Basi, mapipa matano yalikuwa yamekula 390 kati ya 420. Kwa pipa la sita zilibaki kilo 30 tu, na kuni 30 mbichi haziwezi kulipika. Hakuna kuni iliyoibiwa. Waliosema maneno mabaya waliomba msamaha palepale, na tunawapongeza kwa hilo.

Kuni mbichi: tunalipa maji kwa bei ya kuni

Kilo moja ya kuni iliyokatwa leo inaweza kuwa na nusu kilo ya maji ndani yake. Tunaponunua kwa uzito, nusu ya franga zetu zimenunua maji. Kisha tunaunguza sehemu ya nusu ile nyingine ili kukausha maji hiyo. Hasara ni mara mbili.

Namna ya kujua kama kuni ni kavu:

1. Gonga vipande viwili. Kavu inalia «ka, ka»; mbichi sauti yake ni nzito.
2. Angalia kichwa cha kipande. Kavu iko na mipasuko, na maganda yanatoka yenyewe.
3. Weka motoni. Ikitoa povu na kulia «shii» kwenye kichwa, bado iko na maji mingi.
4. Kwa uhakika zaidi, pima kipande cha kilo 1, kikaushe juu ya jiko siku kadhaa mpaka uzito usishuke tena. Kikibaki na gramu 600, kilikuwa na maji sehemu 40 kwa mia. Kuni nzuri ya pipa inapaswa kuwa na 20 au chini.

Dawa yake ni rahisi: pasua kuni mapema, zipange juu ya magogo zisiguse udongo, acha upepo upite katikati, weka paa hata ya majani. Kooperative inayonunua kuni za msimu miezi miwili au mitatu mbele haitahitaji kununua mara mbili.

Tujaribu kwanza kwa sufuria

Musichukue namba zetu sawa vile amri. Moto wa kwenu si moto wa kwetu. Sufuria ndogo inaweza kuwa mfano wa pipa lenu, na jaribio hili linaomba saa moja na nusu tu.

Pima kilo 3 za kuni zile mnazotumia siku zote. Tia lita 5 za maji baridi ndani ya sufuria. Washa moto fasi ile ile ya pipa. Maji ikichemka, acha iendelee kuchemka nusu saa. Kisha zima moto, pima maji iliyobaki, pima kuni zilizobaki, pima makala yaliyobaki.

Mfano wa hesabu. Maji iliyobaki ni lita 4, basi lita 1 imekuwa mvuke. Joto lililoingia: lita 5 mara 75 ni 375, ongeza 540 za lita iliyoruka, jumla 915. Kuni zilizobaki ni kilo 0.6, basi zilizowaka ni kilo 2.4. Makala yaliyobaki ni kilo 0.2. Makala yako na joto mara mbili ya kuni kavu, kwa hiyo tunatoa kilo 0.4. Zinabaki kilo 2 zilizoliwa kweli, ni kusema vipimo 7,000. Gawanya 915 kwa 7,000: moto wenu unafikisha 13 kwa mia.

Sasa chukua 13 hiyo, uitie kwenye Hatua ya 2 fasi ya 15 yetu. Mjue tu kwamba sufuria ndogo inapoa mbio kuliko pipa kubwa, na miali mingi inapita kando yake. Mara nyingi pipa linafanya vizuri kidogo kuliko sufuria. Kwa hiyo sufuria inatupa namba ya kuanzia, na pipa lenyewe, likipimwa siku ya kazi, ndilo linalotoa namba ya mwisho.

Tupunguze wapi?

Tulisema karibu nusu ya joto inaruka na mvuke. Ngazi zinahitaji mvuke uzizunguke. Hazihitaji mvuke upande mpaka mawinguni. Mvuke ukishaanza kutoka juu kwa nguvu, ngazi za juu zimeshapata moto. Kuanzia hapo, vuta kuni kubwa nje na uache moto mdogo tu wa kushikilia joto. Funika pipa kwa magunia mazito yenye unyevu, au kifuniko kilicholazwa tu juu, bila kukikaza.

Kwa kufanya hivyo, tuseme maji inayopotea inashuka kutoka lita 15 mpaka 6. Tunaokoa lita 9 mara 540, ni vipimo 4,860. Zinabaki 11,660. Kwenye moto wazi, kuni kavu zinashuka kutoka kilo 32 mpaka 22. Kwenye jiko la kufungwa zinashuka mpaka karibu 13.

Kwa kazi ya mapipa 12, tulinganishe:

– Kuni mbichi, moto wazi: karibu kilo 1,000, tani nzima.
– Kuni kavu, moto wazi: karibu kilo 384.
– Kuni kavu, jiko la kufungwa, pipa lililofunikwa: karibu kilo 160.

Ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya mvua na upepo. Basi ile 160 inakuwa karibu 190. Zidisha kwa bei ya kuni ya kwenu, na muone franga ngapi zinabaki mfukoni mwa kooperative. Muhesabu pia migongo ya wamama wanaobeba mizigo ile, na miti inayobaki imesimama.

Tusisahau kuni ambazo tayari tuko nazo. Nyuzi zinazobaki nyuma ya kukamua, na maganda magumu ya kokwa, zinawaka vizuri zikikaushwa. Viwanda vikubwa vya mawese vinawasha boila zao kwa hizo. Pima namna ile ile: siku mnapochanganya nyuzi, andika kilo za kuni zilizopungua.

Angalisho: mvuke unaua

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya lita karibu 1,700. Ikikosa pa kutokea, inapasua chuma.

– Musifunge pipa kwa kulikaza, musiunge kifuniko kwa moto, musiweke jiwe zito juu. Mvuke lazima uwe na njia wazi wakati wote.
– Boila iliyofungwa kweli ni kazi ya fundi aliyeisomea, na lazima iwe na vali ya usalama. Pipa la mafuta ya gari si boila.
– Weka alama ndani ya pipa na kijiti cha kupimia, maji isishuke chini ya lita 15. Kama maji imekauka na chuma kimekuwa chekundu, musimwage maji baridi. Ondoeni moto kwanza, mungojee lipoe.
– Musitumie pipa lililobeba dawa za shamba au vitu vya sumu.
– Unapofunua, simama upande upepo unakotoka, funua upande wa mbali kwanza. Watoto wakae mbali.

Daftari la moto

Tunaomba kila kooperative iwe na daftari moja ndogo karibu na jiko. Kila pipa liandikiwe mstari mmoja: tarehe, kilo za ngazi, kilo za kuni zilizotumika, kavu au mbichi, lita za maji mwanzo, lita za maji mwisho, jina la aliyechochea. Nyuma ya mapipa kumi mtajua namba yenu bila kuuliza mtu. Na daftari hilo linamlinda mwenye kuchochea moto. Siku kuni zikiisha mbio, kamati itafungua daftari mbele ya kufungua kinywa.

Maswali ya kujadili kwenye mkutano

1. Pipa letu linakula kilo ngapi leo? Nani ameshapima?
2. Pipa la pili la siku linaanza na lita 25 za maji ambayo tayari ni moto. Tunaongeza lita 15 za baridi tu. Tunaokoa vipimo ngapi? (Jibu: 25 mara 75, ni 1,875. Kwenye moto wazi ni karibu kilo tatu na nusu za kuni kavu.)
3. Kuni za msimu unaokuja tutazinunua mwezi gani, na zitakaa fasi gani kavu?
4. Nani kati yetu anaweza kujenga jiko la kufungwa, na tutamlipa namna gani?

Kooperative ile tuliyoitembelea wamejenga kibanda cha kuni, na mizani iko inatundikwa kwenye nguzo yake. Yule mama bado anachochea moto. Sasa yeye njo anashika daftari.